Kitabu cha udahili cha TCU: namna ya kukisoma kabla dirisha halijafungwa

Kila msimu wa udahili, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, huweka kwenye tovuti yake kitabu cha mwongozo kwa wanaoomba shahada ya kwanza. Unakipakua bure kama PDF. Viko viwili: kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, kingine cha wenye diploma. Angalia jalada kwanza, pamoja na mwaka ulioandikwa hapo, maana faili la mwaka jana huendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi dirisha linafungwa.

Kwa swali la "nina sifa za kuomba kozi hii?" hakuna kinachokishinda kitabu hiki, si mabango ya vyuo wala maneno ya waliotangulia. Kwa swali la "nitachaguliwa?" kinakaa kimya kabisa. Waombaji wengi huumia hapo: wanasoma jibu la swali la kwanza wakidhani ni la pili.

Kila kozi ina mstari wake kwenye jedwali: jina, msimbo, sifa za kuingilia, alama za chini za chuo, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Safu ya sifa ndiyo ya kusoma polepole, kalamu mkononi. Imeandikwa kwa Kiingereza, na hiyo ni kasoro kubwa kwa kitabu ambacho mzazi anayelipa ada naye angepaswa kukielewa. "Na" ikisomwa kama "au", hesabu yote imeharibika.

Mfano. Mwombaji wa tahasusi ya HGE ana D ya Historia, C ya Jiografia na E ya Uchumi. Kwa hesabu ya NECTA, Baraza la Mitihani, hizo ni 4, 3 na 5, jumla 12, daraja la pili. TCU huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Kima cha chini cha shahada ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya alama 4.0, ila zitoke kwenye masomo yanayotajwa na kozi yenyewe. Kozi ikitaka Jiografia na Uchumi, ana 3 na 1, jumla 4, amepita. Ikitaka Historia na Uchumi, ana 2 na 1, jumla 3, hana sifa. Daraja la pili analo, masomo yote matatu amefaulu, na bado ombi lake linatupwa nje. Kwa hiyo usiulize "daraja la pili linaingia kozi gani?" Chukua kozi moja moja, jumlisha masomo yake. Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao, kwa kuwa miaka hiyo palikuwa na B+: kwao A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1, na hutakiwa wawe na C mbili.

Mtego mwingine hujificha mwishoni mwa sentensi. Kozi nyingi za uchumi na biashara huongeza sharti kwa asiye na prinsipo ya Hisabati: awe na sabsidiari, yaani ufaulu wa S, ya BAM (Hisabati ya msingi ya kidato cha sita), au ufaulu fulani wa Hisabati ya kidato cha nne. Weka vyeti vyote viwili mezani unaposoma, si kile cha kidato cha sita peke yake.

Sasa alama za chini. Udaktari wa binadamu unataka prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, zenye jumla ya alama 6. Jumla hiyo ni sawa na D tatu. Lakini kwenye chuo kikuu cha afya cha Muhimbili wenye A na B ni wengi kuliko viti, na kiti hupewa mwenye alama za juu kwanza. Sita ni mlango wa kuombea tu. Kitabu kingekuwa na thamani mara mbili kama kingechapa pia alama za mwombaji wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita. Kwa kuwa hakichapi, tegemea safu ya nafasi: kozi yenye viti 40 na yenye viti 400 haziombwi kwa matumaini yaleyale, hata kama alama za chini zinafanana.

Ukibakiwa na wiki moja, panga hivi. Kozi unayoitamani sana ambako umegusa tu kima cha chini, iwe moja. Mbili au tatu ziwe zile unazozidi kima kwa alama mbili au zaidi. Na iwepo angalau moja yenye nafasi nyingi ambayo kweli utakubali kuisoma miaka mitatu au minne. Usijaze kozi ya kuziba pengo, kwa sababu ndiyo unayoweza kupewa. Angalia pia mahali: DUCE iko Chang'ombe, MUCE iko Iringa, ingawa vyote ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kodi ya chumba si moja.

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 maombi hutumwa chuo kwa chuo, na vyuo vingi hutoza shilingi 10,000 kila kimoja. Vyuo vitano ni 50,000 kabla hujanunua hata daftari. Tena kulipa si kutuma. Wapo wanaolipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, wakachagua kozi, wakafunga ukurasa bila kubonyeza kitufe cha mwisho. Rudi kwenye akaunti uone kwamba ombi limepokelewa.

Mwenye diploma anahitaji GPA ya 3.0 au wastani wa B, pamoja na namba ya uhakiki, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma. Iombe mapema, bila hiyo fomu haisogei.

Ukienda kujaziwa steshenari, namba ya simu na baruapepe ziwe zako. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja, na ikienda kwenye simu ya mwenye duka, siku za kuthibitisha zinapita hujui. Mkopo nao huombwa kwingine, Bodi ya Mikopo, na namba ya mtihani wa kidato cha nne lazima iwe ileile uliyotumia chuoni. Waliorudia mtihani, wenye namba ya S (ya shule) na ya P (ya mtahiniwa wa kujitegemea), wachague moja na kubaki nayo kote.

Ukikosa awamu ya kwanza, usirudie orodha ileile. Awamu ya pili hubeba kozi zilizobakiwa na nafasi tu, na kila chuo hutangaza zake, kwa hiyo anza na tangazo la chuo, kisha rudi kwenye kitabu kuhakiki sifa.