Laifu jaketi la kiunoni la marubani wa ndege za majini: limefaa Kigoma?

Kwangu limefaa sana, ila kama unasafiri na watoto kwenye mtumbwi wa wazi usilinunue, soma kwanza.

Ni mkanda wa kiunoni wenye kipochi, ndani boya limekunjwa pamoja na kichupa kidogo cha gesi. Unalitoa, unalivaa shingoni, unavuta kamba, linajaa hapo hapo. Gesi ikigoma kuna mrija unapuliza kwa mdomo. Kaniletea mdogo wangu anayesomea urubani Marekani, sasa hivi yuko kwenye ndege zinazotua majini, na chuoni kwao mwalimu na mwanafunzi wote wanalivaa kabla ndege haijatoka gatini.

Sababu yake ndo ilinifanya nilipende. Hizi ndege wakati wa mafunzo zinaweza kukupindukia pale pale majini, hata kama injini haina tatizo lolote. Maji yakitulia kabisa, kama ziwa letu asubuhi kabla upepo haujaamka, rubani hajui yuko juu kiasi gani, anadhani bado kumbe kashafika, ndo maana wanafundishwa kushuka polepole na nguvu kidogo ya injini mpaka maboya ya ndege yaguse maji yenyewe. Au ile yenye matairi pia, mwanafunzi kasahau kuyapandisha, anatua ziwani matairi yako chini, pua inazama ndege inageuka chali. Au inaanza kudunda na yeye anahangaika na usukani anazidi kuiharibu.

Ukishageuka uko kichwa chini, umening'inia na mkanda wa kiti, maji puani, mlango huujui uko kulia au kushoto. Sasa fikiria jaketi lako linajijaza lenyewe likigusa maji, linakupandisha kwenye sakafu ambayo sasa ndo iko juu, na huwezi kupiga mbizi kuutafuta mlango. Hilo lilitokea kweli Komoro mwaka 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini, kuna abiria walijaza majaketi wakiwa bado ndani wakashindwa kutoka, jumla walikufa 125 kati ya 175. Na Kanada baada ya ajali ya Saturna Island ya 2009, walipokufa 6 kati ya 8, wachunguzi walisema kwa miaka 20 karibu asilimia 70 ya waliokufa kwenye ndege zilizoishia majini walikufa kwa kuzama. Wakataka abiria walivae tangu mwanzo, na milango ya kawaida na ya dharura iwe ya kutokea haraka. Kwa hiyo mpangilio ni shika mlango, fungua mkanda wa kiti, toka, NDO uvute kamba.

Mimi huwa napanda boti za Kibirizi kwenda upande wa Gombe, nyingi zina turubai juu, zikipinduka wewe uko chini ya turubai na mizigo, yale majaketi ya sponji yanayoelea muda wote yanaweza kukubana humo humo. Hapo hili la kuvuta mwenyewe lina maana. Nimeingia nalo ziwani Katonga na nguo zangu zote, limeniinua kichwa vizuri, filimbi inasikika, na likiwa kwenye kipochi unasahau kama umelivaa, hata kwenye joto la mchana halisumbui.

Kasoro sasa. Kichupa ni cha mara moja tu, ukishavuta ununue kingine, na madukani hapa Mwanga na mjini nimezunguka sijakipata, kwa hiyo ukitaka kujizoeza puliza kwa mdomo usivute. Pili kulivaa shingoni ukiwa tayari umo majini na mawimbi ya kusi yanakupiga ni kazi, lazima uzoee ukiwa nchi kavu hata macho umefumba. Tatu asiyejua kuogelea, mtoto, au mtu aliyepigwa kichwa akazimia hawezi kujisaidia nalo, hao wavalishwe la sponji na wakae pembeni si chini ya turubai, jamani.

Nyota nne kati ya tano, moja nimekata kwa ajili ya vichupa. Kama kuna ndugu yuko Dar anajua duka linalouza vichupa vipya vya kuweka badala ya kilichotumika naomba aandike hapa chini, aweke na bei.