Kontua ya kwanza: nunua stiki, paleti iache dukani

"Dada, nianze na kontua gani?" Kila msimu wa harusi ukikaribia naulizwa hivyo kuhusu kontua, rangi ya kuchora kivuli usoni, na mara nyingi anayeuliza keshanunua. Anatoa kwenye pochi paleti ya rangi sita: mbili zimechimbwa hadi bati linaonekana, nne hazijaguswa. Hapo sina la kumwambia zaidi ya pole.

Nampangia hapa mtu anayejifunza mwenyewe mbele ya kioo cha chumbani, katika joto la Dar. Walioko Njombe wanisamehe, jasho halitawasumbua kama sisi.

Kazi yenyewe si uchawi. Rangi iliyokoza huirudisha sehemu ya uso nyuma, nyepesi huileta mbele. Iliyokoza unaipaka chini ya mfupa wa shavu, pembeni mwa paji la uso, chini ya taya na ubavuni mwa pua. Nyepesi inakaa chini ya macho, katikati ya paji, juu ya mwamba wa pua na kidevuni.

Cha kwanza kununua ni stiki ya krimu iliyokoza kuliko ngozi yako kwa shedi mbili, yaani ngazi mbili za rangi. Si lazima iandikwe kontua. Stiki ya fandesheni, ile rangi ya msingi ya uso, inatosha kabisa. Black Opal, waliotengeneza vipodozi kwa ajili ya ngozi nyeusi tangu 1994, wanayo, na ndiyo ninayowatuma wengi kuitafuta. Fenty Beauty, walioingia sokoni 2017 na fandesheni ya shedi 40, wana Match Stix iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, ila bei yake si ya kujifunzia, na feki zake zimejaa. Stiki naipa namba moja kwa sababu unaishika kama kalamu, unachora mstari, unaugongagonga na sponji hadi ukingo wake upotee. Ukikosea, unafuta. Udhaifu wake ni joto, kwa hiyo ukimaliza weka poda juu. Usigeuze mpangilio huo: krimu ikipakwa juu ya poda hufanya vijidonge na uso mzima unaharibika.

Rangi ndiyo inayowaangusha wengi. Kivuli hakina wekundu. Stiki yenye rangi ya tofali itafanya shavu lionekane limeungua, na yenye ujivujivu mwingi itakufanya uonekane umetoka kuugua malaria. Jiangalie chini ya kidevu ukiwa nje mchana. Kivuli unachokiona pale ndicho unachokitafuta dukani. Kariakoo, muuzaji atakupaka mgongoni mwa kiganja. Mshukuru, kisha jipake mwenyewe kwenye taya, toka nje ya duka, subiri kama dakika kumi. Fandesheni nyingi hukoza zikishapata hewa na mafuta ya ngozi, na taa za dukani zinapendezesha kila kitu.

Cha pili ni konsila, krimu ya kufichia madoa, iliyo nyepesi kuliko ngozi yako kwa shedi moja au mbili, si nne. LA Girl Pro Conceal, ile tyubu yenye kibrashi kichwani, utaikuta kwenye saluni nyingi, na kwa bei yake sijaona sababu ya mwanafunzi kutafuta nyingine. Hukauka haraka, hivyo maliza jicho moja ndipo uhamie la pili.

Poda ya kontua ya rangi moja naiweka namba tatu, ila kama uso wako hutoa mafuta saa nne asubuhi, ipandishe iwe ya kwanza. Inahitaji brashi ya mshazari na mkono mwepesi. Kontua ya maji ni nzuri mikononi mwa aliyezoea. Anayeanza huimwaga nyingi, ikateleza hadi mdomoni. Ya mwisho ni paleti, unalipia rangi sita ili utumie mbili.

Hailaita, ile rangi ya kung'aa, inaweza kusubiri mwezi wa pili. Ukifika huko, chukua dhahabu au shaba. Ya fedha juu ya ngozi nyeusi hukaa kama chaki. Ipake juu ya mfupa wa shavu tu. Penye chunusi usiguse, itazitangaza.

Jihadhari pia na poda nyeupe za silika. Niliwahi kumpaka mpambe wa bibi harusi, kwenye kioo akawa malaika, kwenye picha za flashi macho yake yakazungukwa na unga. Tangu siku hiyo kila ninayempamba nampiga picha moja ya flashi kabla hajanyanyuka kitini.

Kabla ya kulipa, geuza kopo. Tafuta tarehe ya mwisho na kile kichoro cha kopo lililofunguliwa: 12M maana yake miezi 12 tangu siku uliyofungua. Herufi zikiwa zimefutikafutika au jina limekosewa, rudisha, hata kama muuzaji anakuita mteja wake wa siku zote.

Brashi za seti nzima usinunue bado. Sponji moja inatosha: iloweshe, ikamue sana, ndipo uitumie. Ioshe kwa sabuni ya mche na uianike. Ukiifungia kwenye pochi ikiwa mbichi itaota ukungu ndani, na ukungu huo utaupaka usoni.