Introverted Boss: bosi mwenye haya anayestahili kutazamwa
Katika Introverted Boss, tamthilia ya Korea Kusini yenye vipindi 16 iliyorushwa na tvN mwaka 2017, Yeon Woo-jin anaigiza vizuri mno kama Eun Hwan-ki, mkurugenzi wa kampuni ya uhusiano wa umma ambaye wafanyakazi wake wanamwogopa bila kumjua. Anapojifunika kofia ya sweta lake hadi machoni ili asikutane na mtu, haya zake zinaonekana mabegani kabla hajafungua mdomo. Chae Ro-woon, msichana mchangamfu anayeigizwa na Park Hye-soo, anajiunga na kampuni hiyo akitafuta ukweli kuhusu kifo cha dada yake, na hapo vipindi vya mwanzo vinayumba, kwani msiba mzito kiasi hicho hauchangamani vyema na vichekesho. Hata hivyo, mapenzi yao yanakua taratibu na kwa heshima, nami yalinigusa sana.