Duka la dawa za mifugo Tandika, kuku wangu kasimama tena

Kuku wangu mweusi aliamka hawezi kusimama, miguu yote miwili imelegea, anajiburuza kwa mbawa kufata maji. Huyu alikua anataga karibu kila siku na ndo wa kwanza kumnunua nilivyoanza kufuga hapa Yombo, majirani wakasema chinja tu nikashindwa kabisa. Duka la kwanza nililoenda nimesema "kuku hasimami" nikawekewa pakiti ya OTC (antibiotiki) mezani, hakuna swali hata moja, nikalipa nikaondoka na roho haijatulia.

Jioni nikaelekezwa hili la Tandika, nyuma ya soko. Kijana wa pale kabla ya kugusa dawa yoyote akaanza, dada, kuku wengine wamekufa? kinyesi cha kijani? shingo imepinda? mguu mmoja umeenda mbele mwingine nyuma? Nikamjibu hapana zote. Akasema wangekua wanakufa kwa mpigo angewaza mdondo (Newcastle), na ile miguu ya mbele na nyuma angewaza mahepe, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu, ambayo haina dawa, yenyewe ni chanjo tu kifaranga akishaanguliwa. Halafu akauliza, maganda ya mayai yakoje? Hapo nikashtuka maana wiki nzima mayai yalikua yanapasuka mkononi na moja lilitoka laini halina ganda kabisa!

Kumbe kaishiwa madini. Ganda la yai moja linachukua kama gramu 2 za kalsiamu, mi nawapa pumba za mahindi na ugali uliobaki, humo kalsiamu karibu hakuna, basi kuku anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Na banda langu jua haliingii, wakati jua ndo linamsaidia kuku kutumia hiyo kalsiamu.

Nikauziwa chokaa ya kuku (sio ile ya kupaka ukuta, alinisisitizia sana) na vitamini ya kuchanganya kwenye maji, jumla 8,500, na ile OTC akaniambia niiache. Akanielekeza nimtenge kwenye boksi lenye maranda, maji nimpe kwa bomba la sindano tone tone pembeni ya mdomo asipaliwe, nimgeuze mara kwa mara asitoke vidonda kifuani, asubuhi nimtoe juani. Siku tatu sikuona kitu, nikalia jamani. Ya tano akaanza kukunja vidole nikimshika, ya tisa kasimama kaegemea ukuta, sasa hivi anatembea japo anachechemea.

Kasoro zipo, chokaa wanaipima kwenye mfuko mweupe hauna lebo wala tarehe, hilo warekebishe, na Jumapili wanafunga wakati kuku haangalii siku ya kuugua. Ila mi nitarudi hapo hapo. Jana nimechukua chanjo ya mdondo, tone moja jichoni na kurudia kila baada ya miezi 3, akasema mweusi asichanjwe kwanza mpaka apate nguvu, na mayai nisiyategemee mapema, nimwache ajijenge mifupa.