Jiko la peleti lenye feni: moto safi, ila geuza chini uone feni kwanza

Likiwaka sawasawa, jiko hili halitoi moshi wa kuonekana na sufuria haibebi masizi. Kilo moja ya peleti kavu, yaani vipande vidogo vya maranda au pumba vilivyoshindiliwa, inatoa moto wa kama saa moja kwa spidi ya juu, na zaidi ya hapo ukipunguza. Kwa chai, ugali, wali na mboga, mkaa hauoni ndani. Maharage makavu na makande, yanayokaa motoni muda mrefu, ndiyo yanayolishinda, na sababu ni namna lilivyoundwa.

Peleti hujazwa kwenye kopo la ndani, zikawashwa kwa juu. Feni iliyo chini inasukuma hewa njia mbili. Kiasi kidogo kinapenya chini ya peleti na kuziunguza nusunusu ili zitoe gesi. Kiasi kikubwa kinapanda katikati ya kuta mbili za jiko na kutokea kwenye matundu yaliyouzunguka mdomo wa kopo, na hapo ndipo gesi inaposhika moto. Ukimwaga peleti mpya katikati ya mapishi, umefunika sehemu inayoungua: gesi inapoa, moto unakatika, jikoni hapakaliki kwa moshi. Ikibidi kuongeza, ongeza konzi moja moja moto ukiwa mkali. Na usijaze hadi mdomoni. Ziishie sentimita 2 au 3 chini ya matundu ya juu.

Moto wenyewe hukwambia ugonjwa. Ulimi mrefu wa njano unaopaka sufuria masizi maana yake hewa ya juu haitoshi. Moto unaoruka juu ya kopo kisha unazimika maana yake feni imekimbizwa mapema. Washa kwa spidi ya chini, subiri dakika 2 au 3 moto ushike pande zote, ndipo upandishe. Moshi mweupe mzito bila moto ni gesi isiyoungua. Hapo usiinamishe uso kuchungulia, maana inaweza kulipuka ghafla. Punguza feni, kaa pembeni, peleka karatasi inayowaka mdomoni mwa kopo kwa koleo.

Huku nyanda za juu kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haisemi. Mbeya mjini ni mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Feni inayozunguka kwa spidi ileile inaleta oksijeni pungufu. Kwa hiyo moto wa njano kwenye jiko jipya si lazima uwe ubovu. Ongeza spidi kidogo kwanza. Ikiwa spidi ya mwisho kabisa bado inatoa njano, sasa tafuta kuziba.

Kupima ni rahisi, jiko likiwa baridi na tupu. Washa feni, chukua kipande chembamba cha karatasi ya chooni, kizungushe taratibu mbele ya matundu ya juu. Kitapepea pote palipo wazi. Kikilala, tundu hilo limezibwa na masizi au lami ya moshi. Zibua kwa spoku ya baiskeli, lakini usilipanue tundu: likiwa kubwa hewa inatoka bila kasi na moto unaegemea upande mmoja. Karatasi ikilala pande zote, shida iko chini.

Chini ni feni, na hapa ndipo majiko mengi ya aina hii yanapofia. Kabla ya kuilaumu, pima kwa mita umeme unaoifikia kutoka kwenye betri. Zungusha swichi hadi spidi ya mwisho, kwa sababu spidi ya chini hukatakata umeme na mita itakudanganya. Betri ya seli tatu za lithiamu ikijaa husoma volti 12.6, ikikaribia 9 imekwisha. Pima kwenye soketi ya feni huku imeunganishwa. Ikisoma 12 na feni haizunguki, feni imekufa. Ikisoma 12 ukiichomoa na kuporomoka hadi 8 ukiichomeka, betri imechoka au kuna waya uliolegea.

Feni inayozunguka kwa uvivu mara nyingi ina lami kwenye mapanga au bushi (pale mhimili wake unapozungukia) iliyokauka. Futa mapanga kwa kitambaa chenye spiriti, bandua stika ya katikati, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Moja tu. Ukibadilisha feni, angalia upande: hewa hutokea upande wenye stika na mikono inayoshikilia mota. Ikifungwa kinyume inafyonza badala ya kusukuma. Na kugeuza waya mwekundu na mweusi hakurekebishi hilo. Feni hizi haziendi kinyumenyume, zinagoma au zinaungua.

Kinachoziua mapema ni kuzima feni makaa yakiwa bado mekundu. Joto linateremka hadi kwenye feni, plastiki inapinda, mapanga yanaanza kukwaruza. Iache spidi ya chini dakika 10, au mwaga makaa kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje.

Peleti nazo zina lawama yao. Za maranda ya paini kutoka kwenye viwanda vya mbao vya Mufindi huacha majivu kiduchu, chini ya asilimia 1 kama hazina magome. Za pumba za mpunga, malighafi iliyojaa Mbarali na Kyela, zinaweza kuacha hadi moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo chini huziba haraka na kopo linataka kukung'utwa kila mara. Peleti nzuri ikivunjwa inalia "ta", na ikitiwa kwenye glasi ya maji inazama papo hapo. Inayopinda imeshanyonya unyevu. Kwa ukungu wa Tukuyu au Makete, gunia wazi halifai, weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Vumbi la chini ya gunia lichekeche ulitupe, maana linaziba njia ya hewa na moto unaanza kuhema.

Baridi ya Juni isikushawishi kuliingiza chumbani. Halina bomba la moshi, na makaa yanayobaki moto ukikatika yanatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ni jiko la kupikia, madirisha wazi.

Dukani, muuzaji atakuonyesha rangi na paneli ya sola. Wewe ligeuze. Kama feni imefungwa kwa skrubu na ina soketi ya kuchomoa, nunua. Kama imepigwa ribiti, liache hata likishushwa bei. Feni ya milimita 80 ya volti 12 ni ileile ya kompyuta, fundi yeyote wa kompyuta Mwanjelwa, hapa Mbeya, anaijua. Penye chaguo, chukua jiko lenye feni ya konokono, ile yenye ganda la mviringo linalotoa hewa kwa ubavuni: inapiga kelele zaidi, lakini haishindwi na kopo lililojaa.