Picha ya Idd ya 1988 ukutani: nilichojifunza kabla ya kuchapa

Nampa nyota nne kati ya tano fundi aliyenikuzia picha hii ya familia. Ya tano kaichukua mama mdogo, na sababu yake mtaiona.

Picha yenyewe ni ndogo, sentimita 9 kwa 13 hivi, kama zilivyokuwa nyingi za miaka ile. Ilipigwa Tanga, mbele ya nyumba ya babu, siku ya Idd mwaka 1988. Babu kakaa kwenye kiti na kanzu yake. Bibi kasimama nyuma, kajitanda kanga, anacheka mpaka mwanya wake wote unaonekana. Kushoto mwisho yuko shangazi. Kulia kabisa, karibu atoke kwenye picha, ni mama mdogo akiwa na miaka tisa, kashika mkoba mwekundu wa Idd.

Tamaa ya kuikuza niliipata Zanzibar. Waliopita barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, wanaijua Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Unaingia unakuta kuta zimejaa picha kubwa za watu wa zamani, nyeusi na nyeupe, na kila uso unakutazama. Nikasema na sisi tuna watu wetu, kwa nini wabaki ndani ya albamu?

Nikafanya kosa la haraka. Nilimwomba mama mdogo aipige kwa simu anitumie WhatsApp, nami nikaipeleka kwenye duka moja mjini wanaotangaza kufufua picha za zamani. Elfu thelathini, siku mbili. Niliporudi nikaoneshwa kwenye kompyuta picha inayometa kama tangazo la sabuni. Nyuso laini, macho yanang'aa, hakuna hata chembe ya vumbi. Nikafurahi kama dakika moja. Kisha dada yangu akaitazama kwenye simu yangu, akauliza: "Huyu bibi wa nani?"

Mwanya haukuwepo. Programu yao ya akili bandia ilikuta meno yenye ukungu ikayapanga vizuri kuliko Mungu alivyoyapanga. Babu naye kapewa pua nyembamba. Kwenye kanga, mahali pa jina, palikuwa na kitu kinachofanana na maandishi ukikiona kwa mbali, ukisogea hakisomeki kwa lugha yoyote. Niwe mkweli, si wao tu wa kulaumiwa. Niliwapelekea picha ya picha, iliyopigwa chini ya taa, yenye mng'ao katikati, halafu imebanwa na WhatsApp. Pale ambapo hapakuwa na kitu, programu ikabuni.

Jirani akanielekeza kwa fundi wa Kariakoo, kijana mwenye kichumba ghorofa ya pili, skana moja, printa moja kubwa na feni inayolia. Duka silitaji kwa kuwa mwenyewe hapendi foleni. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Dada, picha yenyewe iko wapi?" Nikamwambia iko Tanga. Akanirudishia simu yangu. "Basi bado hatujaanza."

Alinipigia hesabu kwenye karatasi, na hapa ndipo nilipomwamini. Picha niliyotumiwa ilikuwa na pikseli 1600, yaani vinukta vinavyojenga picha, kwa upande mrefu. Ukiivuta ifike sentimita 70, ambazo ni inchi kama 27 na nusu, kila inchi inapata pikseli 58. Picha ya ukutani, inayotazamwa kutoka hatua mbili tatu, inataka walau 100, na 150 ndiyo raha. Picha ile ile ya karatasi ikiskaniwa kwa vinukta 1200 kila inchi inatoa pikseli 6000 kwa upande mrefu, yaani zaidi ya 200 kwa kila inchi. Akaniambia pia nisijidanganye: karatasi ya zamani ina kikomo chake, na baada ya 600 skana inaongeza ukubwa wa faili kuliko inavyoongeza sura ya mtu. Lakini unapata nafasi ya kusafisha madoa vizuri.

Nikapanda basi la Tanga.

Albamu ya mama mdogo ni zile za kurasa za gundi na nailoni juu. Gundi ilikuwa imeshashika. Fundi alinionya nisibandue kwa kucha, na kama picha imegandia kioo cha fremu niiache humo humo, iskaniwe na kioo chake. Yangu ilitoka kwa uzi wa kusafishia meno, ule usio na dawa: unaupitisha chini ya picha taratibu, unakwenda huku na huku kama anayekata kitumbua kisivunjike. Robo saa nzima, mama mdogo kasimama juu yangu anasema "polepole, mwanangu" kila baada ya sekunde tano. Nikaiweka kati ya vipande viwili vigumu vya boksi, ndani ya daftari, na daftari halikutoka mapajani mpaka Dar.

Kuskani kulichukua dakika chache, vumbi likiondolewa kwa brashi laini na kipulizio, bila kitambaa chenye maji. Faili alilihifadhi kama TIFF, aina isiyobanwa kama ya WhatsApp, MB 75 hivi, akanipa nakala kwenye flashi. Kazi ikawa madoa. Upande mfupi kutoka sentimita 9 kwenda 50 ni mara tano na nusu, kwa hiyo kidoa cha milimita moja kinakuwa zaidi ya nusu sentimita, na kama kimekaa shavuni kwa babu kinakuwa ugonjwa wa ngozi. Aliyaondoa moja moja kwa mkono. Nyuso hakuzigusa ila pale penye mkwaruzo. Nikamuuliza kama hawezi kuzikaza kidogo zionekane wazi zaidi. Akasema anaweza, lakini aliyepiga hakukaza, na yeye hakumjua bibi yangu.

Rangi ilitupa kazi. Picha za rangi za miaka ile zikikaa gizani, rangi ya samawati-kijani hufifia kwanza, na kinachobaki ni wekundu. Ndiyo maana watu wa albamu zetu wote wanaonekana kama wameungua jua. Fundi akatafuta kitu cheupe cha kuanzia, akachagua kanzu ya babu. Uchawi: mwembe ukarudi kuwa kijani, ukuta ukawa chokaa. Nikamtumia mama mdogo. Akapiga simu hapo hapo: "Kanzu ile haikuwa nyeupe, ilikuwa ya maziwa. Nyeupe alikuwa anaiweka ya Ijumaa." Tukaanza upya, na kweli ngozi za watu zikakaa sawa zaidi.

Jina la kanga sasa linasomeka nusu: "...NDIYE KUMB...", mengine yamefunikwa na mkunjo na bega la babu. Ukoo mzima unajua yaliyobaki ni Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Fundi aliuliza kama tumalizie herufi. Nilikataa. Ile picha ya kwanza ilishanitosha.

Nilitaka turubai, kile kitambaa kigumu kinachochapwa picha, kwa kuwa ndiyo fasheni. Akanionesha kwamba turubai hukunjwa kwenye mbao, sentimita tatu nne kila upande, na kinachokunjwa ni picha yako. Shangazi angehamia ubavuni mwa fremu. Unaweza kuongeza ukingo wa rangi tupu, lakini mimi nikachagua karatasi isiyong'aa, 50 kwa 70, na fremu ya kioo.

Kama utachukua jambo moja kwangu, omba kipande cha majaribio: uso mmoja tu, kwa ukubwa wake wa mwisho, kwenye karatasi ile ile. Changu kilitoka cheusi. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, karatasi haitoi. Akapandisha mwanga, tukachapa tena.

Gharama: kuskani 5,000, madoa na rangi 25,000, majaribio 3,000, kuchapa 35,000, fremu yenye kioo na kadi nyeupe ya kuzunguka 60,000. Jumla 128,000, ukiacha nauli na ile 30,000 ya bibi wa watu. Alisema siku nne, zikawa tisa, na simu hapokei. Kadi usiikatae, inazuia picha isigusane na kioo ikaganda kwa joto letu hili. Nimeitundika ukuta usiopigwa na jua.

Sasa nyota ya tano. Vipimo vya picha ya zamani na vya 50 kwa 70 havilingani kabisa. Pembeni ilibidi kupunguza milimita saba kila upande. Fundi aliniuliza, nikasema sawa, ni kidogo tu. Kisha kadi ya fremu ikafunika milimita tano nyingine. Mama mdogo alikuja mwezi uliopita. Akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, akamgusa bibi kwenye kioo, akacheka ule mwanya. Halafu macho yakaenda kulia.

"Mkoba wangu uko wapi?"

Umebaki mkanda wake na kipande chekundu kama ukucha. Nimeshampigia fundi mara tatu.