Mwenyewe yuko wapi? Uzoefu wangu na foili niliyonunua Nairobi

Nilijiahidi nisiandike mpaka hasira ipoe. Imekataa kupoa, na msimu wenyewe wa upepo wa kusi unaelekea ukingoni, kwa hiyo naandika hivi hivi ikiwa moto.

Duka silitaji. Liko Nairobi, upande wa Ngong Road, na mhusika akisoma atajijua. Nilinunua pale seti nzima: bodi ya kusimamia majini, foili, na lile bawa la kujazwa upepo linaloshikwa mkononi. Hilo la mkononi watu wameshalibatiza "wingi", kutoka Kiingereza "wing", na jina hilo hunichekesha, maana siku niliyolilipia nilibaki na uchache mtupu. Mimi nitaliita tanga, lisije likachanganywa na mabawa ya chini ya maji, ambayo ndiyo habari yenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: chini ya bodi kuna mlingoti unaoelekea chini, na mwisho wa mlingoti kuna kitu kama ndege ndogo, bawa kubwa mbele na bawa dogo nyuma. Ukipata mwendo, ndege ile inakunyanyua, bodi inaachana na maji, na makelele yote ya maji kupiga bodi yanakatika ghafla. Hapo ndipo watu wazima wenye mikopo ya SACCO wanapopotea. Ukionja ule ukimya mara moja tu, utauza hata kiti ulichokalia.

Haya. Kisa chenyewe ni skrubu.

Nilikuwa nimetoka Diani, siku nne za upepo safi. Nilirudi na basi la usiku, foili ikiwa ndani ya mfuko wake vile vile bila kufunguliwa skrubu, kwa sababu nilikuwa hoi, na utingo alikuwa ameshanigombeza vya kutosha kuhusu mzigo. (Aliniuliza kama ni televisheni. Nikasema ndiyo, ikawa nafuu.) Kufika South B nikakuta mgao wa maji. Zilizobaki ni ndoo mbili na jerikeni moja. Mke wangu aliniona nikiitazama ile jerikeni, akaniambia kwa upole wa kutisha, "Baba watoto, usithubutu."

Sikuthubutu. Foili ikakaa kwenye veranda wiki mbili, labda tatu.

Nilipoutoa mlingoti mfukoni, kwenye vichwa vya skrubu kulikuwa na unga mweupe, kama chumvi ya mawe iliyosagwa. Skrubu tatu zilitoka kwa taabu. Ya nne ilikataa. Nikatia nguvu kwenye aleni-ki, ule ufunguo wa pembe sita, nikasikia ile "tik" ndogo ambayo kila aliyewahi kushika spana anaijua, na tundu la pembe sita likageuka duara.

Sasa nimeshajua kilichotokea, na najua kwa sababu nilijifunza kwa maumivu. Kiunzi kinachounganisha mabawa mawili ni cha alumini. Skrubu ni za chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinafanya kazi kama betri, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe ndio alumini iliyoliwa, na huwa unavimba, ukaikaba skrubu kama saruji. Kinga yake ni jambo la dakika tano: paka grisi ya kuzuia kuganda kabla ya kufunga, fungua kila siku ukitoka baharini, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Dakika tano! Mtu aliyeniuzia alikuwa na dakika tano. Alizitumia kunishawishi ninunue kofia.

Basi Jumamosi nikabeba foili nikaenda dukani. Nilivaa kama ninavyovaa Jumamosi, kandambili, kaptura, na fulana iliyopauka kwa jua na chumvi. Kijana aliyekuwa kaunta hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Hiyo ni ya nani?"

"Yangu."

"Zii, namaanisha, umetumwa na nani?"

Nikamwambia nimejituma. Akatabasamu, si tabasamu la kufurahi, akasema, "Ambia mwenyewe akuje. Ama apige simu."

Nataka mwelewe vizuri hapa. Si kwamba alikuwa mgeni. Ni yule yule aliyeniuzia. Ni yeye aliyeyasoma majina yangu yote matatu kwenye ujumbe wa M-Pesa, akayarudia kwa sauti, akaandika risiti. Lakini kwake, mwenye foili ni mtu wa sura fulani, na sura hiyo haikuwa imesimama mbele yake. Mimi nilikuwa mbeba mzigo wa mtu huyo.

Nikatoa risiti. Akaisoma, akaiangalia foili, na badala ya kusema pole akasema, "Umetumia vibaya. Hii haitaki maji ya chumvi bila kufunguliwa."

"Inataka maji gani basi, ya Nairobi Dam?"

Hakucheka. Kwa kweli hata mimi sikucheka. Nikaondoka na mzigo wangu begani, na tangu siku hiyo nikiwa kwenye matatu, kitandani, hata msikitini Mungu anisamehe, neno ni hilo hilo: mwenyewe, mwenyewe, mwenyewe.

Aliyeniokoa ni fundi wa Grogan, mzee mmoja mwenye kibanda cha kuchomelea kati ya maduka ya vipuri. Swali lake la kwanza, "Mkubwa, hii ni panga ya nini?" La pili lilikuwa la maana zaidi: kama mlingoti ni chuma ama ni nyuzi za kaboni, kwa sababu kaboni angeipiga moto angeiua. Nikamwambia ni alumini. Akaweka nati juu ya kile kichwa kilichokwisha, akaichomelea hapo hapo ndani ya tundu la nati, akasubiri kidogo, akashika spana. Ule moto unaachanisha kilichoganda, na nati inakupa kichwa kipya cha kushika. Skrubu ilitoka ikilia kama mlango wa zamani. Shilingi 800. Hakuniuliza mwenyewe ni nani. Alidhani, nadhani, kwamba anayelipa ndiye mwenyewe.

Sasa, kosa la pili la duka, ambalo kama si lile la kwanza ningelisamehe. Nilipoenda kununua nilieleza waziwazi: nataka hatimaye kutoka nje ya mwamba wa matumbawe, kule ambako mawimbi ya bahari kuu yanapita mapana bila kuvunjika, niyapande kwa foili huku tanga likipumzika. Nikapewa bawa la mbele la sentimita za mraba 2,000. "Kubwa ndio poa." Hata ushauri wa kwenda kujaribu Naivasha nilipewa bure. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Diani, kwa hiyo tanga lile lile kwenye upepo ule ule linakuwa legevu mkononi. Na viboko sijavitaja.

Lakini hapa lazima niwe mkweli, ingawa sitaki. Kwa kujifunza kusimama, bawa kubwa lilikuwa sahihi. Lilininyanyua na kilo zangu 84 kwenye upepo mdogo, taratibu, kama lifti ya jengo la serikali. Bila lile bawa bado ningekuwa nimepiga magoti. Kwa hiyo huyo kijana alikuwa sahihi kwa bahati mbaya, au tuseme alikuwa sahihi kwa miezi sita.

Shida ilianza nilipotoka nje ya mwamba. Jinsi foili inavyofanya kazi, mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu ya kunyanyua inaongezeka mara nne. Ndani ya mwamba mwendo unauamua wewe na tanga lako. Nje, wimbi linakupokea kutoka nyuma na kukusukuma upende usipende. Bawa kubwa likisukumwa hivyo linataka kupanda tu. Nilikuwa nimeegemea mguu wa mbele mpaka paja linatetemeka, na bado foili ilipanda, ikatoboa uso wa maji, ikavuta hewa, na hapo unyanyuaji wote unakwisha mara moja. Unaanguka kama embe. Siku ile niliumia mbavu, na kila nilipozama nilimwona yule kijana na simu yake.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja wa Ukunda, mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Aliniangalia nikianguka mara sita, akaja na bodi yake ubavuni mwangu. "Kaka, wewe unaendesha upepo. Hapa upepo ni wa kukufikisha tu. Injini ni wimbi." Kisha akanionyesha mkono. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania tanga kwa mikono miwili kama mtu anayezuia bati lisipeperuke. Yeye, akishapata wimbi, alikuwa anaachia mkono wa nyuma, anabaki na ule mshikio wa mbele tu, na tanga lote linalala kwenye upepo kama bendera, halivuti chochote. Mwili wake ukawa huru. Magoti laini, macho mbali, si kwenye wimbi alilopanda bali linalofuata. Na hakushuka nalo moja kwa moja. Alikata kimshazari, akibaki kwenye mteremko wenye nguvu, akifika chini anageuka kwa nyonga kurudi juu. Wimbi likichoka, anabonyeza bodi kwa miguu mara tatu nne, anavuka mpaka la pili.

Nilichukua siku mbili kuachia ule mkono wa nyuma. Inaonekana rahisi. Lakini kila kitu mwilini kinakuambia kwamba ukiachia utakufa.

Ushauri mwingine wake ulikuwa mfupi: bawa lako ni la shule, tafuta la kazi. Akasema nitafute karibu nusu ya lile, lisiwe refu sana na jembamba kama la ndege mruka mbali. Yale marefu yanateleza masafa, ila kugeuka kwake ni kama kugeuza lori Mlolongo. La wastani linachelewa kidogo kukunyanyua, kisha likishika mwendo linatulia.

Na sasa cheka nami au unicheke. Kila mtengenezaji ana maungio yake, bawa la kampuni hii haliingii kwenye kiunzi cha ile. Na kwa Nairobi, aliyekuwa na bawa la wastani linaloingia kwenye kiunzi changu ni nani? Ndiyo. Nilizunguka wiki mbili nikitafuta njia nyingine. Nilipiga simu Mombasa, Kilifi, Watamu. Mwishowe nikarudi Ngong Road, safari hii nimevaa suruali ya kazi na viatu, na hilo la suruali linaniuma kuliko bei. Nilikuta dada mmoja, mpole, anayejua kazi. Aliniuliza uzito wangu, aliniuliza nachezea wapi, akaleta bawa la 1,100 bila kunizungusha. Akaniuliza risiti aandike jina gani. Nikamwambia, "Andika Mwenyewe." Akaandika. Ninayo mpaka leo. Ila na yeye hakutaja grisi, nikainunua mwenyewe kando.

Kwa hiyo nyota ngapi? Duka nilikuwa nimelipatia moja, na ile moja ni kwa kuwa haiwezekani kutoa sifuri. Baada ya yule dada nikapandisha mbili. Nikikumbuka mbavu, nashusha. Foili yenyewe, pamoja na skrubu zake za laana, ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kununua, na nikiulizwa kama ningeinunua tena pale pale, jibu linanitia aibu.

Maana wiki iliyopita nilikuwa Diani. Maji yalikuwa yamejaa vizuri, tukatoka nje kupitia mlango wa mwamba, upepo wa kusi umesimama sawasawa. Mwani ulinikamata mara moja kwenye mlingoti, nikahisi kama mtu amekanyaga breki, nikaanguka, nikauondoa. Kisha nikapata wimbi moja pana, nikaachia mkono wa nyuma, tanga likalala, na nikashuka, nikapanda, nikashuka, sijui kwa muda gani. Hakuna sauti. Bawa dogo halikunibishia hata mara moja. Nilipiga kelele peke yangu kule nje kama mwendawazimu.

Nilitoka majini mbele ya hoteli moja, bodi kwapani. Askari wa lango la ufuoni, mzee wa makamo ya baba yangu, akanitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe yuko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya swali hilo kwa miezi. Yote yakanikimbia. "Ndiye huyu, mzee. Ametoka majini sasa hivi."

Akaitazama foili, akanitazama mimi, akaangua kicheko, akasema hajawahi. Kisha akaweka rungu lake chini, akashika upande wa pili wa bodi, tukaibeba wote wawili mpaka kwenye bomba la bustani. Lilikuwa na maji. Nikakaa kwenye nyasi na aleni-ki yangu, nikafungua skrubu zote nne, moja moja, na yeye akanishikia mpira wa maji.